Nani Amlipie Asiye na Kadi?

Mtumishi wa umma Tanzania hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Kwa mchango huo yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne hutibiwa kuanzia zahanati hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili. Utaratibu huu unatokana na sheria ya mwaka 1999 iliyounda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanza kazi mwaka 2001. Jirani yake muuza mihogo, waliyepanga naye nyumba moja, hana mshahara wa kukatwa. Figo zikimsumbua anaanza kulipa palepale: faili, kumwona daktari, vipimo, dawa, kitanda. Wakati Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikijadiliwa, Wizara ya Afya ilikuwa ikisema Watanzania wenye bima ya aina yoyote ni takribani asilimia 15. Waliobaki ndio kina muuza mihogo.

Sisi wachumi wa afya tuna kipimo cha maumivu haya. Kaya ikitumia zaidi ya asilimia 10 ya kipato au matumizi yake kwa matibabu, inahesabiwa kuwa imebebeshwa mzigo unaoweza kuiangusha. Kipimo hicho kinamnasa aliyeuza ng'ombe na aliyechukua mkopo wa kausha damu ili mama afanyiwe upasuaji. Hakimwoni mtu aliyeuliza bei ya kipimo, akashukuru, akarudi nyumbani na paketi ya dawa za maumivu. Huyo hakutumia kitu, kwa hiyo kwenye takwimu anaonekana yuko salama. Kila nisomapo ripoti inayosifu kushuka kwa matumizi ya kaya kwa matibabu, huwa najiuliza ni wangapi wa aina yake waliomo.

Haikuwa hivi siku zote. Baada ya Azimio la Arusha matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku. Ziliruhusiwa tena mwaka 1991, na mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama. Pamoja na uchangiaji ukawekwa msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo na wenye maradhi kama kifua kikuu. Kwenye karatasi, maskini hakuachwa.

Tatizo ni kwamba msamaha huo haukupewa fedha za kutosha kuufidia. Hospitali inayomsamehe mgonjwa hupoteza mapato yale yale inayotegemea kununulia dawa na glovu. Mganga mkuu anaagizwa na mkubwa mmoja aongeze makusanyo, na mwingine anamwagiza asimfukuze asiye na uwezo. Katikati yao yupo afisa ustawi wa jamii, ambaye ndiye huamua nani ni maskini kweli. Akiwa mkarimu, stoo inakauka na hata waliosamehewa wanaambiwa dawa wakanunue nje. Akiwa mkali, watu wanakimbia. Ndiyo maana agizo la kutozuia maiti kwa sababu ya deni limerudiwa na viongozi mara nyingi: deni haliondoki kwa agizo, linahamia kwenye vitabu vya hospitali.

Bima ya kwanza kumlenga mwananchi wa kijijini ilikuwa Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, ukapata sheria mwaka 2001 na kuboreshwa mwaka 2018. Baada ya maboresho, kaya ya watu wasiozidi sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, isipokuwa Dar es Salaam ambako ilikuwa 150,000, na kadi ikafika hadi hospitali ya mkoa kwa rufaa. Gawanya 30,000 kwa sita: ni 5,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Fedha hiyo haiwezi kumtibu mgonjwa wa kisukari, na sitamlaumu mwanakijiji aliyelipa mara moja, akakuta dawa hakuna, akaacha.

Lakini hata mchango ungekuwa mkubwa, kuna ugonjwa mwingine ndani ya bima zetu, na Toto Afya Kadi inauonyesha vizuri zaidi. NHIF iliuza kadi hiyo kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, kwa hiari ya mzazi. Chukua hesabu ya kubuni. Kuna watoto 1,000. Mia tisa ni wazima na kila mmoja hugharimu 20,000 kwa mwaka. Mia moja wana sikoseli, moyo au saratani, na kila mmoja hugharimu 320,000. Jumla ni milioni 50, yaani 50,000 kwa kila mtoto. Bei inatosha, ilimradi wote waingie.

Kwa kuwa ni hiari, wazazi wa wagonjwa wote 100 watalipa siku ya kwanza. Wa watoto wazima, tuseme watalipa 300 tu. Sasa gharama ni milioni 38 kwa watoto 400, yaani 95,000 kwa mmoja. Ukipandisha bei, wazima 200 wanajitoa, na hesabu inafika 170,000. Ukiiacha bei palepale, mfuko unatoboka. Hakuna mzazi aliyefanya udanganyifu hapo. Chama cha kuzikana hudumu kwa sababu kila mwanachama hulipa akiwa hai, na hakuna anayeandikishwa jeneza likiwa mlangoni. Mwaka 2023 NHIF ilisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto waandikishwe kwa makundi kupitia shule, ikieleza kwamba matumizi yalizidi mno michango. Wazazi wengi walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, lakini hesabu ya mfuko haikuwa uongo.

Dawa ya ugonjwa huo inajulikana: wote waingie, na asiyeweza alipiwe. Rwanda ililifanya hilo kwa kuifanya bima ya jamii kuwa ya lazima kisheria na serikali kuwalipia maskini kabisa. Zaidi ya asilimia 80 ya wananchi wake wamo. Kenya tangu Oktoba 2024 inakata asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo cha juu, ila wasio na ajira rasmi wanakadiriwa uwezo wao, na mfumo ulipoanza walitakiwa kulipa mchango wa mwaka kwa mkupuo. Bodaboda hupata na kutumia kwa siku. Kumdai fedha ya miezi kumi na miwili leo ni kumfungia mlango kwa adabu.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Ndani yake umo mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na vyanzo vimetajwa, zikiwemo kodi kwenye vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kwangu hicho ndicho kifungu chenye uzito kuliko vyote. Maana kadi peke yake, bila fedha nyuma yake, haitibu: Machi 2024 wenye kadi za NHIF walifika kwenye baadhi ya hospitali kubwa binafsi wakaambiwa hawapokelewi, kwa sababu ya mvutano juu ya kitita kipya cha bei. Waliokuwa na fedha mfukoni walitibiwa siku ile ile.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, bajeti ya afya ikisomwa usihesabu majengo. Muulize mbunge wako maswali mawili kuhusu mfuko wa wasio na uwezo: mwaka uliopita zilitengwa shilingi ngapi, na kati ya hizo zilitoka ngapi? Na ukiwa na mgonjwa hospitali ya serikali na fedha zimekuishia, usimtoroshe usiku. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, ieleze hali yako, na uombe msamaha wako uandikwe kwenye faili.