Kuhesabu Nyumbu wa Serengeti

Mashariki ya Ziwa Viktoria, kabla mtu hajafika kwenye milima ya Ngorongoro, iko nchi tambarare iitwayo Serengeti. Jina hilo limetoka katika lugha ya Wamasai, na maana yake ni mahali papana pasipo na mwisho. Masika yakiingia, majani mafupi huota huko, na nyumbu huja kuyala, wengi hata nchi ikaonekana nyeusi mpaka upeo wa macho. Mtu akipanda juu ya jiwe akawatazama, husema, “Hawa hawana hesabu.” Wasafiri wengi waliopita huko walisema vivyo hivyo, kisha wakaenda zao.

Lakini neno hilo halimfai mtu yeyote. Kundi la nyumbu 100,000 halina hesabu, na kundi la nyumbu 1,000,000 halina hesabu pia. Kwa macho ya mtu asimamaye chini yote mawili ni mamoja. Hata wanyama wakipungua nusu, jicho halitambui. Mchungaji hujua kama ng'ombe wake wamepungua kwa sababu kila jioni huwapitisha mlangoni mwa zizi mmoja mmoja. Nyumbu hawana zizi. Basi habari hii ni ya watu waliojaribu kuwahesabu wanyama wasio na zizi, na ya jambo kubwa walilolikuta katika hesabu yao, ambalo hawakulitafuta.

Mwanzo wa mwaka 1958 walifika Serengeti Wajerumani wawili, baba na mwana, Bernhard Grzimek na Michael Grzimek. Baba alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama katika mji wa Frankfurt. Serengeti ilikuwa imekwisha kuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, na siku zile serikali ya Tanganyika ilikuwa ikifanya shauri la kubadili mipaka yake. Walakini hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika idadi ya wanyama wale, wala mahali wanapokwenda mwezi hata mwezi. Ilikuwa kama fundi anayejenga nyumba bila kuuliza ni watu wangapi watakaolala ndani.

Baba na mwana walijifunza kurusha eropleni, wakapata moja ndogo, wakaipaka milia kama punda milia, wakairusha wenyewe kutoka Ulaya mpaka Afrika. Waliigawanya nchi ya Serengeti mafungu mafungu, wakaruka juu ya kila fungu, wakihesabu kwa macho. Jumla yao ilikuwa wanyama wakubwa karibu 367,000, na katika hao nyumbu walikuwa karibu 100,000. Tena waliwakamata baadhi ya wanyama, wakawavika kanda za rangi shingoni, ili wawatambue kutoka juu na kujua njia zao. Kwa njia hiyo waliona kwamba makundi hayafuati mipaka iliyokuwa ikikusudiwa. Hata hivyo mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa. Nchi ya Ngorongoro ilitengwa peke yake, na Wamasai waliokuwa wakikaa Serengeti na ng'ombe wao walihamishiwa huko.

Michael hakuuona mwisho wa mambo hayo. Mwezi wa Januari mwaka 1959, akiwa peke yake angani, eropleni yake iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa. Umri wake ulikuwa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amezikwa hapo hapo karibu naye.

Hesabu yao ilikuwa ya ushujaa kuliko ya usahihi. Mtu aliye katika eropleni huona kundi kwa dakika chache tu, nalo linakimbia. Hawezi kuhesabu mmoja, wawili, watatu. Hukadiria makumi, halafu mamia, na kwa kawaida jicho hukadiria pungufu. Kwa hiyo waliowafuata walitafuta njia nyingine, nayo ni kupiga picha.

Njia hiyo ni hii. Nyumbu wakiwa wamekusanyika katika majani mafupi wakati wa mvua, eropleni hupita juu yao kwa mistari iliyonyoka, mstari mmoja mbali na mwingine. Chini ya eropleni imefungwa kamera inayotazama ardhi moja kwa moja, nayo hupiga picha baada ya kila muda uliopimwa. Rubani hana budi kushika kimo kile kile, maana akipanda juu, picha hushika nchi kubwa zaidi na hesabu yote huharibika. Baadaye watu huketi mezani na kioo cha kukuza, wakitia alama juu ya kila nyumbu katika kila picha. Ni kazi ya kuchosha macho, nayo huchukua majuma mengi. Rubani husifiwa, bali hawa wakaao mezani hawatajwi.

Lakini picha hazifuniki nchi yote. Zinashika sehemu ndogo tu. Zinatoaje hesabu ya wote? Hapa hesabu ya darasani inatosha. Tuseme liko shamba lililogawanywa viwanja 100 vilivyo sawa, na mbuzi wametawanyika humo. Mtu anahesabu mbuzi katika viwanja 10, anapata mbuzi 40. Kila kiwanja basi kina mbuzi 4 kwa wastani, na shamba zima lina mbuzi karibu 400. Lakini akichagua viwanja vilivyo karibu na kisima, ambako mbuzi wanasongamana, huenda akapata 100 badala ya 40, akasema shamba lina mbuzi 1,000, naye atakuwa amejidanganya. Kwa sababu hiyo mistari ya eropleni huchorwa katika ramani kabla ya safari, wala rubani haruhusiwi kupinda kuwafuata nyumbu awaonapo kando. Vishawishi vya kupinda ni vikubwa.

Sasa zitazamwe hesabu zenyewe. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa yapata 260,000. Mwaka 1965 walizidi 400,000. Mwaka 1971 walikaribia 700,000. Mwaka 1977 walikuwa wamepita 1,000,000. Waliohesabu walishangaa, wengine wakadhani kuna kosa. Walipohakikisha kwamba hakuna kosa kubwa, ndipo swali lenyewe lilipozuka: kwa nini? Simba walikuwapo kama zamani. Majani yalikuwapo kama zamani, angalau katika miaka ya kwanza. Ni kitu gani kilichokuwa kimewazuia nyumbu miaka yote, kisha kikawaachilia?

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kurudi nyuma. Mwaka 1887 ugonjwa wa ng'ombe uitwao sotoka uliingia Afrika upande wa Eritrea, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli. Ukashuka kusini upesi. Karibu na mwaka 1891 ulifika katika nchi za Wamasai, ukaua ng'ombe wao karibu wote, na watu wakafa njaa pamoja na mifugo. Msafiri Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wamekonda wakawa mifupa mitupu. Sotoka haikuua ng'ombe tu. Iliua nyati, na nyumbu, na wengine wenye kucheua. Hata baada ya miaka ile mibaya haikuondoka. Ilikuwa ikirudi mara kwa mara. Ndama wa nyumbu hupata kinga katika maziwa ya mama yake kwa miezi michache, na kinga hiyo ikiisha, ugonjwa ulimshika kabla hajatimiza mwaka.

Wenye ng'ombe na madaktari wa mifugo waliwashuku nyumbu. Walisema kwamba wanyama wa pori ndio ghala ya sotoka, na kwamba ng'ombe huambukizwa nao. Kwa ajili hiyo katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 ng'ombe wengi waliokaa kuzunguka Serengeti walichanjwa, ili wakingwe na hatari itokayo porini. Huko Muguga, karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Walter Plowright aliitengeneza siku zile dawa ya kuchanja iliyo nzuri kuliko zote zilizotangulia.

Basi wachunguzi walitazama vitu viwili. Kwanza walilinganisha wanyama. Nyati nao walikuwa wameongezeka kama nyumbu. Punda milia, wanaokula majani katika nchi ile ile na kuwindwa na simba wale wale, hawakuongezeka. Punda milia hacheui, wala hapati sotoka. Kama sababu ingalikuwa mvua au majani au simba, punda milia angaliongezeka pamoja na wenzake. Pili walipima damu. Mnyama aliyepata kuugua sotoka akapona hubaki na alama ya ugonjwa katika damu yake maisha yake yote. Nyumbu wazee walikuwa na alama hiyo. Waliozaliwa baada ya mwaka 1963 hawakuwa nayo kabisa. Ng'ombe walikuwa wamechanjwa, na ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu, ambao hakuna aliyewachanja.

Kwa hiyo ghala ya sotoka ilikuwa ng'ombe, na nyumbu ndiye aliyekuwa akiambukizwa. Mashtaka yalikuwa yamegeuzwa. Si kwamba nyumbu hana hatia yoyote: wakati wa kuzaa hueneza ugonjwa mwingine unaoua ng'ombe, na Wamasai, ambao tangu zamani huwaondoa ng'ombe wao mahali nyumbu wanapozalia, walijua jambo hilo kabla ya madaktari, Plowright alilithibitisha mwaka 1960. Lakini kwa habari ya sotoka nyumbu alisingiziwa. Sotoka yenyewe ilitangazwa mwaka 2011 kwamba imekwisha duniani kote. Ni ugonjwa wa pili kukomeshwa na wanadamu, wa kwanza ukiwa ndui.

Mmoja wa waliochunguza mambo haya ni A. R. E. Sinclair, aliyekulia Tanganyika, akaanza kazi Serengeti katika miaka ya 1960 kwa kuchunguza nyati. Yeye na wenzake hawakuishia kwenye wanyama. Walipima mvua, wakachora katika ramani mahali palipoungua kila mwaka, wakapiga picha za vilima na mabonde, kisha wakarudi baada ya miaka mingi kusimama mahali pale pale na kupiga picha tena. Picha hizo zikiwekwa pamoja huonyesha jambo ambalo mtu akaaye hapo kila siku halioni. Zamani, nyumbu walipokuwa wachache, majani marefu yalibaki yakakauka, moto ukaja kila kiangazi ukateketeza sehemu kubwa ya nchi, na miche ya miti ikafa kabla ya kukua. Nyumbu walipokuwa wengi waliyala majani hayo, moto ukakosa cha kuunguza, na katika sehemu nyingi miti ikaanza kuota tena. Hivyo sindano iliyochomwa ngozini mwa ng'ombe kijijini ilifanya miti iote mbali porini. Hakuna aliyeiona njia hiyo mpaka hesabu za miaka mingi zilipowekwa pamoja.

Baada ya mwaka 1977 nyumbu hawakuongezeka tena sana. Walifikia kadiri ya milioni moja na robo hivi, wakakaa hapo, kwa maana chakula cha kiangazi hakikuwatosha kupita hapo. Mwaka 1993 kulikuwa na ukame mkali, wengi wakafa, idadi ikashuka chini ya milioni moja, kisha ikapanda tena. Siku hizi Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania ndiyo yenye wajibu wa kazi hii ya kuhesabu, nayo bado hutumia eropleni.

Mwaka 2025 ilitangazwa hesabu ya namna mpya. Picha hazikupigwa kutoka katika eropleni, bali na satelaiti, yaani vyombo vinavyoizunguka dunia huko juu kabisa. Zilikuwa za mwezi wa Agosti mwaka 2022 na mwaka 2023. Nyumbu huonekana humo kama nukta ndogo, na nukta hizo hazikuhesabiwa na watu wenye vioo vya kukuza, ila na kompyuta iliyofundishwa kuzitambua. Jumla haikufika 600,000, wala haikufika nusu ya ile iliyozoeleka.

Wenye hesabu hiyo hawakusema kwamba nyumbu nusu wamekufa. Huenda wengine walikuwa nje ya nchi iliyopigwa picha, au chini ya miti, ambayo sasa ni mingi kuliko zamani. Huenda pia hesabu za eropleni zilizidisha, kwa kuwa kundi lililosongamana juu ya mstari mmoja huzidishwa pamoja na mistari yote, kama mbuzi wa kisimani. Ili kujua ni lipi kati ya hayo, njia ni moja: kuwahesabu nyumbu wale wale, siku zile zile, kwa eropleni na kwa satelaiti pamoja, kisha kukaa mezani na kulinganisha picha kwa picha.