Namba 79 sokoni

Kwenye masoko ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, kipande huwekwa mbele ya mashine ya eksirei, na punde kioo kinataja asilimia za dhahabu, za fedha, za shaba. Kipande hakikuyeyushwa wala kukwanguliwa. Eksirei zimeng'oa elektroni za ndani ya atomu, za nje zikaporomoka kuziba pengo, na katika kuporomoka zikatoa eksirei zao zenye nguvu maalumu: za dhahabu si za shaba, wala si za zebaki ya wachimbaji wadogo, ingawa kwenye jedwali la elementi zebaki, namba 80, ni jirani ya dhahabu, namba 79. Basi bei inayotajwa pale imejengwa juu ya dai kwamba atomu ina ndani na ina nje. Dai hilo si la kale. Kabla J. J. Thomson hajaitambua elektroni mwaka 1897, atomu ilichukuliwa kuwa punje isiyogawanyika.

Dhahabu yenyewe ilitoa ushahidi, kwa kuwa hukubali kufuliwa hadi ikawa utando. Huko Manchester, mwaka 1909, Hans Geiger na Ernest Marsden walirusha chembe za alfa kwenye tando za metali, dhahabu ikiwamo. Karibu zote zilipenya. Chache mno zikarudi zilikotoka. Mwaka 1911 Ernest Rutherford akatoa hoja kwamba karibu uzito wote wa atomu umejibana katika kiini kidogo. Kidogo kiasi gani? Weka mpira wa miguu juu ya Jiwe la Bismarck, pale Mwanza, uwe kiini cha dhahabu: ukingo wa atomu utafika kilomita mbili hivi, huku ziwani, huku mjini, na humo mna elektroni 79 tu.

Mwenye shaka atauliza: mbona njia za duara za elektroni alizozichora Niels Bohr mwaka 1913 ziliachwa baadaye? Na je, mashine haikuzoeshwa tu vipande vinavyojulikana, kama sonara na jiwe lake la kupimia? Swali la pili ndilo zito. Jibu lake liko kwa Henry Moseley, ambaye mwaka 1913 na 1914 alipima eksirei za elementi nyingi, akiishia kwenye dhahabu, akaona zinapanda ngazi kidato kwa kidato kufuata chaji ya kiini, ambayo ndiyo namba ya elementi. Vidato vingine vilikuwa vitupu, kikiwamo cha 72. Aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27. Mwaka 1923, Copenhagen, Dirk Coster na George de Hevesy wakaikuta hafniamu, eksirei zake zikiwa palepale hesabu ilipoelekeza. Jiwe la sonara halina habari za metali ambayo hakuna aliyewahi kuitambua. Duara za Bohr zilikwenda, kiini na namba vikabaki.

Mashine ina udhaifu wake, nao hauhusu nadharia: huona ngozi ya kipande tu. Tangsteni iliyovikwa dhahabu nene itaipita, na hata kwenye maji itapita, maana densiti za metali hizo mbili zinakaribiana sana. Mnunuzi anayeshuku hukikata kipande kwa patasi, akaupimisha upande uliokatwa: 74 ya tangsteni au 79 ya dhahabu.