Andika Kabla Hujaweka Sindano Chini

Hebu fungua sanduku la nguo nyumbani kwako. Kama kuna mfumaji katika nyumba hiyo, huenda chini kabisa utakuta sweta nusu. Mgongo umekwisha, kifua kimefika katikati, sindano bado imo. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia, "Nililiacha wakati wa kuvuna," au, "Nililiacha tulipohama." Sweta hilo halivaliwi na mtu. Uzi ulinunuliwa kwa fedha, na mtoto aliyekusudiwa anakwenda shule asubuhi ametia mikono kwapani.

Sisi tunaofuma tunalijua jambo hili. Kinacholaza sweta sandukuni mara nyingi si uvivu. Ni mabadiliko ya maisha. Mtu anaolewa, anazaa, anapata kazi mpya, anauguliwa, anafiwa. Kazi inasimama, na siku ya kuirudia hajui alifika wapi. Basi leo tunaeleza namna ya kuisimamisha kazi ya kufuma ili uweze kuirudia, hata baada ya miezi sita. Vifaa vinavyotakiwa ni daftari na kalamu.

Sweta la nini?

Mtu wa Same mjini anaweza kucheka akisikia habari za sweta. Kwake kuna jua na vumbi. Lakini kwa kila mita 1,000 unazopanda mlima, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mji wa Same uko mita zaidi ya 800 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Shengena, juu ya Chome, kinapita mita 2,400. Vijiji vingi vya milimani viko katikati ya hapo. Kwa hiyo siku ambayo watu wa stendi ya Same wanatafuta kivuli, mtu wa Chome au Mbaga anatafuta koti. Mwezi wa Juni na Julai ndiyo usiseme.

Na kisomo kinaingiaje? Wazee wetu wanakumbuka. Mwishoni mwa mwaka 1970 TANU iliamua kwamba wilaya sita zifute ujinga wa kutojua kusoma kabla mwaka 1971 haujaisha. Wilaya hizo zilikuwa Mafia, Ukerewe, Masasi, Mpwapwa, Kilimanjaro na Pare. Wakati ule Pare ilikuwa wilaya moja, baadaye ndipo ikagawanywa kuwa Same na Mwanga. Katika elimu ya watu wazima akina mama walijifunza pia sayansi kimu, yaani mambo ya chakula, afya na nguo za nyumbani. Lakini wengi wetu tulitia kusoma mfuko mmoja na kufuma mfuko mwingine. Tunasoma barua na gazeti. Tukishika sindano tunategemea kichwa.

Kichwa kinatosha kwa kazi nyingine. Tazama akina mama wa Kikamba kule Kenya. Wanasuka kiondo huku wanatembea njiani na kuzungumza. Kiondo kinazunguka tu, ukisimama leo kesho unaendelea pale pale. Sweta halina huruma hiyo. Lina mgongo, kifua na mikono miwili, na vyote lazima vilingane. Ukisahau hesabu ya kipande kimoja, vingine vyote vimepotea.

Hesabu ya kwanza

Kabla ya kuanza sweta, fuma kipande kidogo cha kupimia. Anza na vitanzi 30, ufume mpaka kipate urefu wa sentimita 14 hivi. Kilaze mezani bila kukivuta. Weka rula katikati na uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10, kwenda upana. Halafu hesabu mistari iliyomo katika sentimita 10, kwenda juu. Tuseme umepata vitanzi 20 na mistari 28. Hiyo ndiyo hesabu ya mkono wako, kwa uzi ule na sindano zile. Mkono wa dada yako una hesabu nyingine.

Sasa mpime mtoto kifuani. Tuseme ana sentimita 64. Ongeza sentimita 8 ili apumue na avae shati ndani. Jumla 72. Gawa kwa mbili, kwa sababu kuna mgongo na kifua: kila kipande sentimita 36. Kila sentimita ina vitanzi 2, basi 36 mara 2 ni 72. Ongeza kitanzi kimoja kila upande kwa ajili ya kushonea. Unaanza na vitanzi 74. Hakuna kubahatisha hapo.

Angalia na sindano. Za siku hizi zina namba ya milimita. Zile za zamani za Kiingereza zinahesabiwa kinyume: namba 8 ni milimita 4, lakini namba 10 ni nyembamba zaidi, milimita 3 na robo. Wapo wanaofumia spoku, zile njiti za gurudumu la baiskeli, zilizosuguliwa ncha. Ni sawa, ila spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 tu. Vitanzi vitakuwa vidogo na vingi, na uzi mnene hautakwenda vizuri.

Ukurasa wa daftari

Kila sweta lipewe ukurasa wake. Andika kama hivi:

"Sweta la mtoto, kifua sm 64. Sindano mm 4. Uzi wa bluu, madonge ya gramu 50. Sm 10 = vitanzi 20, mistari 28. Mgongo vitanzi 74, umekwisha, mistari 112. Kifua vitanzi 74, nimefika mstari wa 46. Unaofuata ni wa mbele."

Kata kipande cha uzi na ukibandike pembeni kwa gundi au pini, ili ukienda dukani ujue rangi yenyewe. Kitanzi cha mbele tunakiandika M na cha nyuma N. Ukingo wa chini unaovutika unaandikwa "M 2, N 2", na mtu mwingine akiujua mtindo huo anaweza kuumalizia. Hili la mwisho lina faida kuliko linavyoonekana. Mama akilazwa hospitali, binti yake anasoma daftari na sweta linakwisha.

Andika kila unapoweka sindano chini, hata kama unakwenda kutazama chungu jikoni. Wenye simu za kupiga picha wapige picha ya ukurasa. Daftari nalo huliwa na panya.

Kazi mpya

Chukua mama aliyezoea kufuma milimani jioni. Sasa ameteremka Same kuuza chakula karibu na stendi. Anaamka saa kumi usiku na anarudi amechoka. Muda wa kufuma umekatika vipande vidogo vidogo: basi likichelewa dakika ishirini, wateja wakipungua saa tisa. Kwa muda wa namna hiyo asibebe mgongo wa sweta. Abebe soksi, kofia ya mtoto au mkono mmoja wa sweta, ndani ya mfuko wa kitambaa unaofungwa mdomo, maana vumbi la Same linaingia kwenye uzi na halitoki kirahisi. Na asidhani kofia haina mnunuzi kwenye joto. Mtoto aliyezaliwa leo hupoteza joto upesi kichwani, hata Same.

Kuna jambo lingine, nalo wengi hawalitazamii. Joto hubadilisha mkono. Kiganja kikitoka jasho uzi unanata kwenye vidole, na vitanzi vinabana. Sweta lililoanzwa Suji likamaliziwa Same linaweza kuwa na mstari kama mshipi unaoonyesha pale mtu alipohama. Kwa hiyo ukibadili mahali au kazi, pima tena sentimita 10 kabla ya kuendelea. Ukiona vitanzi vimezidi, chukua sindano nene kidogo.

Akina mama wa tangawizi kule Mamba na Myamba wana shida ya namna nyingine. Wakati wa mavuno mikono inakwaruzika, na uzi laini unakwama kwenye ngozi. Wakati huo ni afadhali kuliweka sweta kabisa, limeandikwa, kuliko kulivuta vuta.

Mbwa akifa

Lipo badiliko moja ambalo watu hulicheka, nalo ni kufa kwa mnyama wa nyumbani. Mbwa amelinda mahindi yasiliwe na ngedere na nyani. Amemsindikiza mama alfajiri akienda kuchota maji. Amelala mlangoni miaka kumi. Siku akifa hakuna matanga. Jirani anasema, "Si mbwa tu? Tafuta mwingine." Sisi hatukubaliani na jirani huyo. Nyumba imebadilika. Ule wakati wa jioni ambapo mama alikuwa akimtupia ukoko wa ugali, sasa mkono hauna la kufanya. Mwenzetu akishika sindano wakati huo, tusimwulize sweta ni la nani.

Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha majibu ya wafumaji zaidi ya 3,500 kutoka nchi mbalimbali. Wale waliofuma mara nyingi zaidi ndio waliosema zaidi kwamba kufuma kunawatuliza. Ni kweli waliojibu ni watu waliokwisha kupenda kazi hiyo, kwa hiyo si ushahidi kwamba kila mtu atatulia. Lakini nasi tunaona hivyo hivyo: mkono ukirudia jambo moja, pumzi nayo inashuka.

Ila usiendelee na sweta la shule siku hizo. Mtu mwenye uchungu huvuta uzi. Tuseme badala ya vitanzi 20 katika sentimita 10 sasa unapata 22. Inaonekana kidogo, sivyo? Piga hesabu. Vile vitanzi 72 vilivyokuwa vinatoa sentimita 36 sasa vinatoa chini ya 33. Mgongo na kifua havilingani tena, na kazi ya wiki tatu inafumuliwa. Funga ukurasa, weka sweta, na ufume kitu kisichohitaji hesabu: kipande cha mraba, kila mstari kwa kitanzi cha mbele. Vipande hivyo ukivishona pamoja baadaye ni blanketi. Visipolingana sana, blanketi halina neno.

Hapa lazima tuseme na jingine. Kama mbwa alibadilika tabia kabla ya kufa, akawa anauma ovyo, anatokwa mate au ameshindwa kumeza, usimguse mzoga kwa mikono mitupu, na mwarifu mtaalamu wa mifugo. Aliyeumwa, au kulambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo. Asingoje dalili. Kichaa cha mbwa kikishajionyesha kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Kurudi kwenye sweta

Siku moja utafungua ukurasa tena. Kabla ya kufuma, mpime mtoto upya. Mtoto wa shule ya msingi huongezeka urefu kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na mikono ndiyo inayomsaliti kwanza. Ndiyo maana tunashauri mikono ya sweta ianzie begani na kushuka kwenye kiganja. Ufumaji hufumuka kirahisi kutoka mahali ulipomalizia. Ukimalizia kwenye kiganja, mwakani unafumua ukingo, unaongeza sentimita kadhaa, unafunga tena. Mashine za kufumia zina umri mkubwa, tangu William Lee wa Uingereza alipobuni yake mwaka 1589, na kwa upesi hatuzishindi. Lakini sweta la dukani mkono ukiwa mfupi umekuwa mfupi.

Kama mtoto amekwisha kulipita sweta, lifumue. Unaweza kufumua na sweta la mtumba, ila kwanza ligeuze ndani. Ukiona pembeni kitambaa kimekatwa kwa mkasi na kuzibwa kwa cherehani, liache, uzi utakatika kila mstari. Ukiona pembeni kuna mnyororo wa vitanzi visivyokatwa, lichukue, uzi wake unatoka mrefu. Zungushia uzi huo kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne usichanganyikane, loweka katika maji ya uvuguvugu, halafu utundike kivulini na kitu kizito kidogo chini ili ule mkunjo unyooke. Ukikauka kunja madonge, yapime kwa mizani ya dukani, na uandike gramu ulizopata. Sweta la mtoto wetu wa kifua sm 64 huchukua kama gramu 250 mpaka 300. Zikipungua sana, fuma kofia na soksi.