Mwanao Ataka Kompyuta ya Michezo

Tuseme mwanao amemaliza kidato cha nne. Kwa muda wa miaka miwili amefuga kuku, akauza mayai, akaweka akiba. Jioni moja anakuja na karatasi mkononi, anakuamkia, kisha anasema: "Baba, nataka kuunda kompyuta ndogo ya michezo. Fedha zangu zimepungua kidogo. Naomba uniongezee." Unaitazama karatasi. Mna majina ya vyombo vinane, na kimoja tu kimekula zaidi ya nusu ya fedha zote. Utamjibu nini?

Wako wazazi watakaokataa papo hapo. Wako watakaotoa fedha wapate kupumzika. Sisi twakuomba ufanye jambo la tatu: vuta kiti, keti naye, mpige hesabu pamoja. Si lazima uwe fundi. Yatosha kukumbuka neno ambalo wazee wetu walilijua kabla ya umeme kufika: kamba hukatikia pembamba.

KILA CHOMBO NA KAZI YAKE

Kompyuta ya michezo ina watenda kazi wakubwa wawili. Wa kwanza ni prosesa. Huyo ndiye apigaye hesabu: mpira uko wapi, mchezaji amekimbilia upande gani, adui atatokea mlango upi. Wa pili ni kadi ya picha. Hiyo hupokea hesabu zile na kuzichora kwenye kioo, picha baada ya picha, makumi kwa makumi katika kila sekunde.

Sasa fikiri. Prosesa ikiweza hesabu za picha 60 tu kwa sekunde, na kadi ikiweza kuchora picha 150, mwanao ataona ngapi? Ataona 60. Zile 90 umezilipia bure. Ni sawa na mtu anunuaye mashini kubwa ya kusaga, kisha akamweka mtoto mmoja alishe mahindi kwa kikombe. Kinyume chake ni vivyo hivyo: prosesa ya fahari pamoja na kadi dhaifu ni mahindi magunia kwa magunia yanayongoja kinu kidogo.

ANZA NA KIOO

Watu wengi huanza na kadi. Wewe anza na kioo, maana ndicho kisemacho kazi ni kubwa kiasi gani. Kioo cha kawaida kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600 katika picha moja. Kioo kile kiitwacho 4K kina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Ni mara nne barabara! Kadi inayotosha kwa kioo cha kwanza yaweza kuhema mbele ya kioo cha pili. Tena kioo kionyeshacho picha 60 kwa sekunde hakitaonyesha 150, hata kadi ijitahidi namna gani.

Kisha muulize: "Utacheza michezo gani?" Mchezo kama Counter-Strike 2, uliotoka mwaka 2023, huielemea sana prosesa, kwa kuwa wachezaji wake hutaka picha nyingi mno kwa sekunde. Mchezo kama Cyberpunk 2077, wa mwaka 2020, huitoa jasho kadi ya picha. (Huo wa pili umewekewa alama ya miaka 18, nawe usisite kumwambia kijana wako aliye chini ya umri huo kwamba bado.) Asiyejua kazi ya jembe hawezi kuchagua jembe.

SANDUKU DOGO LINA SHERIA ZAKE

Kompyuta hizi ndogo hupendwa kwa sababu hukaa juu ya meza ya sebuleni bila kuwasumbua watu wa nyumbani, na kijana huweza kuichukua mkononi akienda chuoni. Watu wake huzipima kwa lita. Sanduku la Cooler Master NR200, lililotoka mwaka 2020, lina lita 18 na robo, pungufu ya dumu la maji la lita 20. Ndani ya nafasi hiyo vyombo vyote vinane havina budi kupatana.

Ubao mama wa namna hii huitwa Mini-ITX. Kampuni ya VIA iliuleta mwaka 2001, nao una sentimita 17 kila upande. Una nafasi moja tu ya kadi ya picha, na kwa kawaida nafasi mbili za RAM. Basi kabla ya kulipa, chukua rula. Kadi ina urefu gani, na unene gani? Sanduku lile tulilolitaja hupokea kadi isiyozidi sentimita 33. Kipoza prosesa kina kimo gani? Wako vijana waliofika nyumbani na furaha, wakakuta mlango wa sanduku haufungi.

Lakini sheria iliyo kubwa kuliko zote ni ya joto. Umeme wote unaoingia ndani ya sanduku hutoka ukiwa joto. Kadi ya RTX 5090, iliyotoka mwaka 2025, huweza kula wati 575, zaidi ya nusu ya pasi ya wati 1,000! Kadi ya RTX 4060 ya mwaka 2023 hula wati 115 tu. Feni huvuta hewa ya chumbani, haitengenezi baridi. Ikiwa chumba chako cha Mombasa au Dar es Salaam kina joto la nyuzi 32, ndani ya sanduku hapatakuwa na nyuzi 25 kamwe. Chombo kikizidiwa na joto hupunguza mwendo chenyewe ili kisiungue. Hapo mwanao amenunua farasi, naye anatembea kama punda. Kwa hiyo katika sanduku dogo, kadi ya kiasi yenye hewa ya kutosha yaweza kuwa na faida kuliko kadi kubwa iliyosongwa. Usisahau pia vumbi: feni zipanguswe mara kwa mara.

MFANO WA HESABU

Tuchukue mfano mmoja wa vyombo vinavyopatana. Prosesa iwe Ryzen 5 7600, yenye viini sita. Imeandikwa wati 65, na ikifanya kazi kwa nguvu zote huweza kufika 88. Huja na kipoza chake ndani ya boksi, basi hapo umeokoa fedha. Kadi iwe RTX 4060, wati 115. Kioo kiwe cha kawaida, kile cha nukta milioni mbili. Vyombo hivyo viwili kwa pamoja ni wati 203. Ongeza za ubao, feni na vinginevyo, bado hesabu ni ndogo. Hata hivyo NVIDIA, wenye kadi hiyo, hushauri pawa saplai ya wati 550, nasi twaona ni shauri jema, kwa kuwa mashini isiyokimbizwa hadi mwisho wa pumzi hudumu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hununua kadi ya fahari, kisha hubana fedha kwenye pawa saplai kwa sababu haionekani. Lakini ndiyo igawayo umeme kwa vyombo vyote. Ikiharibika vibaya, huweza kuondoka na wenzake. Nunua yenye jina la kuaminika, ya umbo dogo la SFX iwapo sanduku lataka hivyo.

RAM nunua vipande viwili vinavyofanana, maana viwili kwa pamoja hupitisha kazi upesi kuliko kimoja. Prosesa tuliyoitaja hutumia DDR5 tu. Usidanganywe na DDR4 ya bei nafuu, haitaingia. Hifadhi iwe SSD. Na ujue mapema kwamba RTX 4060 ina GB 8 za kumbukumbu yake yenyewe: inatosha kwa michezo mingi, lakini baadhi ya michezo mipya itamlazimu mwanao kupunguza urembo wa picha.

Je, fedha zigawanyweje? Shauri letu ni hili: kadi ichukue kama theluthi moja, au zaidi kidogo, prosesa na ubao mama kwa pamoja zichukue kama theluthi nyingine, inayobaki iwe ya RAM, SSD, pawa saplai na sanduku. Huu ni mwongozo, si amri, kwa kuwa bei hubadilika. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda sana. Dukani utasikia mengi. Kumbuka kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wewe shika karatasi yako, dai risiti, na kama kadi ni mtumba, uione ikifanya kazi kwa macho yako kabla ya kutoa hata senti.

FEDHA ZIKIPUNGUA

Sasa turudi mezani. Mmekwisha kupiga hesabu, na fedha bado hazitoshi. Mdogo wake anangojea karo. Ufanyeje?

Hapa kuna habari njema. Prosesa ile ina uwezo mdogo wa picha ndani yake. (Angalia jina: zenye herufi F mwishoni kwa kawaida hazina.) Basi mwanao aweza kununua vyombo vingine vyote sasa, pamoja na pawa saplai ya kutosha, aitumie kompyuta kwa masomo, kwa kuandika, na kwa michezo myepesi. Kadi ataiongeza kuku watakapotaga tena. Na ikiwa haja ya udogo si kubwa, mwambie ukweli: sanduku la wastani chini ya meza, lenye ubao wa sentimita 24, kwa kawaida humpunguzia gharama na kumpa hewa zaidi.

Katika Injili ya Luka twasoma habari za mtu aliyeanza mnara pasipo kukadiria gharama, akawa kichekesho. Kijana anayejifunza leo kugawa akiba yake kwa vyombo vinane, bila kimoja kuwanyang'anya wenzake, kesho atajua kugawa mshahara kati ya chakula, kodi, karo na sadaka. Somo hilo halifundishwi dukani.

Basi mpe kalamu afute mwenyewe ile kadi kubwa, aandike nyingine. Mpatane pia saa za kucheza na saa za kulala, kabla mashini haijafika nyumbani. Kisha, ukiweza, mwongezee kidogo. Na siku atakapoiunda, usikae mbali. Mshikie tochi.