Kutoa Nikeli Kwenye Lateraiti kwa Nishati Kidogo

Katika maswali ya kulinganisha njia za kuzalisha metali, watahiniwa wengi huandika: "Njia hii hutumia nishati kidogo, hivyo ni bora," kisha huishia hapo. Jibu hilo ni nusu tu. Soma uone nusu iliyobaki.

1. Lateraiti ni nini?

Ni udongo uliotokana na miamba iliyooza kwa mvua na joto la nchi za tropiki kwa muda mrefu sana. Hupatikana kwa wingi Indonesia, Ufilipino, New Caledonia na Kuba. Karibu yetu iko Musongati, Burundi. Usiichanganye na mbale ya Kabanga, wilayani Ngara, ambayo ni ya sulfidi. Mbale ya sulfidi husagwa, na chembe zenye nikeli hutenganishwa na mawe kwa povu. Katika lateraiti, nikeli imetawanyika ndani ya madini ya chuma na magnesiamu, hivyo povu halisaidii.

2. Nishati inakwenda wapi?

Tuseme mbale ina nikeli 1.5%. Kilo 1,000 zina nikeli kilo 15 tu. Katika tanuri la umeme, mzigo wote hukaushwa, kisha huyeyushwa kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi. Tunayeyusha kilo 1,000 ili tupate kilo 15! Umeme ukitokana na makaa ya mawe, hewa ya ukaa huwa nyingi.

3. Njia za joto la chini

(a) Chombo cha kanieneo kubwa: mbale na asidi sulfuriki hupashwa moto hadi nyuzi 250 hivi ndani ya chombo kilichofungwa. Nikeli humumunyika kwa muda wa saa moja hivi.

(b) Lundo: mbale hufinyangwa kuwa vidonge ili asidi ipite, kisha hulundikwa juu ya turubai lisilovuja. Asidi iliyozimuliwa hunyunyizwa juu, hupenya polepole na kukusanywa chini. Hakuna tanuri wala kanieneo.

Katika njia zote mbili, mmenyuko kwa ufupi ni:
NiO + H₂SO₄ → NiSO₄ + H₂O

Chuma kikishaondolewa, nikeli hutolewa ikiwa mashapo:
NiSO₄ + MgO + H₂O → Ni(OH)₂ + MgSO₄

4. Gharama ya kuokoa joto

Muda: halijoto ikishuka, kasi ya mmenyuko hushuka. Lundo huchukua miezi mingi, na sehemu ya nikeli hubaki humo.

Asidi: chuma na magnesiamu nazo hula asidi. Kwenye nyuzi 250 chuma hurudisha sehemu kubwa ya asidi yake:
Fe₂(SO₄)₃ + 3H₂O → Fe₂O₃ + 3H₂SO₄
Kwenye lundo hili halitokei kwa kiasi cha kutosha.

Mazingira: asidi iliyobaki hubatilishwa kwa chokaa mawe:
CaCO₃ + H₂SO₄ → CaSO₄ + H₂O + CO₂
Angalia vizuri: hewa ya ukaa tuliyoikimbia kwenye tanuri imetokea tena, ingawa kwa njia nyingine.

5. Swali la mfano

Kokotoa asidi inayohitajika kumumunyisha nikeli yote katika kilo 1,000 za mbale yenye nikeli 1.5%. (Ni = 59, S = 32, O = 16, H = 1)

Jibu: Moli 1 ya Ni huhitaji moli 1 ya H₂SO₄, yaani gramu 59 kwa gramu 98.
Kilo 15 × 98 ÷ 59 = kilo 24.9.

Kiwandani hutumika mamia ya kilo. Ukiulizwa sababu, taja chuma na magnesiamu.

Kumbuka: Ukilinganisha njia, pima mambo manne: joto, muda, asidi na mabaki. Kisha toa uamuzi wako na useme unategemea nini, kwa mfano aina ya mbale au chanzo cha umeme.