Seva ya Majina Inaposhindwa Kuanza: Suala la Mlango wa 53 katika Linux

Mfumo wa majina ya vikoa, ujulikanao kwa kifupi kama DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983 ili binadamu atumie majina na kompyuta itumie anwani za tarakimu. Seva ya majina iliyomo katika mtandao wa ndani ikishindwa kuanza, mtandao wenyewe huwa mzima, lakini watumiaji huona kana kwamba umekatika wote. Makala haya yanachunguza kisa cha programu ya dnsmasq katika Linux na kuonyesha kuwa chanzo cha tatizo kinaweza kuwa nje ya seva inayolaumiwa.

Hatua ya kwanza si kuiweka programu upya, bali ni kusoma kumbukumbu zake kwa amri ya journalctl -u dnsmasq. Iwapo zinataja kosa katika faili la mipangilio, amri ya dnsmasq --test italithibitisha. Iwapo zinaeleza kuwa anwani imekwisha kutumika, faili hilo huenda halina kosa lolote la kimaandishi. Lililopo ni ushindani wa mlango wa 53, ambao ndio mlango wa DNS.

Amri ya ss -lntup, ikitolewa na msimamizi wa mfumo, humtaja mshindani. Katika Ubuntu 18.04 ya mwaka 2018 na matoleo yaliyofuata, kwa kawaida huwa ni systemd-resolved, inayoushika mlango huo kwenye anwani 127.0.0.53. Kwa kuwa dnsmasq, isipoelekezwa vingine, huomba mlango huo kwa anwani zote kwa pamoja, anwani moja iliyoshikwa hutosha kulikwamisha ombi zima.

Kuna suluhisho mbili. Ya kwanza ni kuandika bind-interfaces katika mipangilio ya dnsmasq, ili iombe anwani mojamoja. Hapo programu zote mbili huishi pamoja. Ya pili ni kuandika DNSStubListener=no katika mipangilio ya systemd-resolved na kuianzisha upya. Hii ina hatari yake: faili la /etc/resolv.conf likiachwa likielekeza kwenye 127.0.0.53, kompyuta hiyo yenyewe itakosa pa kuuliza majina.

Kwa hiyo, palipo na nafasi ya kuchagua, suluhisho ya kwanza ndiyo bora, kwani huondoa mgongano bila kuzua mwingine.