Maji Yachongavyo Nchi Kavu

Mtu asafiriye kutoka Dodoma kwenda Kondoa huona miiba, mibuyu, majabali yaliyosimama peke yake, na mito isiyo na maji. Ukimwuliza ni nini kilichoichonga nchi hii, labda atajibu, "Upepo." Upepo huchukua vumbi, ni kweli, lakini mchongaji mkuu ni maji, ingawa mvua ni haba.

Dodoma hupata mvua yapata milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Wakati wa kiangazi majani hukauka, ardhi ikabaki wazi na ngumu. Mvua ijapo, huja kwa nguvu. Kila tone hupiga udongo na kuutawanya; na maji yasipopata nyasi wala mizizi ya kuyazuia, hayazami, bali hukimbia mteremkoni. Kwanza hufanya vifereji vyembamba kama kidole. Hivyo hukutana vikawa mfereji, na mfereji ukawa korongo. Tena, maji yaangukapo katika kichwa cha korongo huchimba chini, ukingo ukabomoka, na korongo likapanda mlima mwaka kwa mwaka.

Katika vilima vya Irangi, karibu na Kondoa, udongo mwekundu umekatwa na makorongo ambayo kina chake chazidi kimo cha mtu mara nyingi. Mchanga uliotoka humo umejaza mito ya bondeni. Usiudharau mto mkavu! Mvua ikinyesha mbali milimani, maji hushuka kwa ghafula, na huku juu yako hakuna wingu.

Na majabali je? Zamani sana yalikuwa yamefunikwa na udongo. Maji yalipenya katika nyufa za mwamba na kuulainisha. Palipokuwa na nyufa chache mwamba ulibaki mzima, na udongo ulipochukuliwa, ukajitokeza. Kazi hiyo yataka mamilioni ya miaka. Lakini korongo laweza kuchimbwa katika maisha ya mtu mmoja, hasa miti ikikatwa na mifugo ikizidi.

Kwa hiyo mwaka 1973 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu ya Kondoa iliyoharibika. Kwa wafugaji lilikuwa jambo zito. Nyasi na vichaka vikaota tena, maji yakapunguza mbio. Hata hivyo makorongo makubwa hayakujazika.